Bima inalipia upandikizaji wa uloto, na ndugu anayetoa je?

Siku hizi mzazi mwenye mtoto wa sikoseli akisikia kwamba pale Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wanapandikizwa uloto (ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu) tangu 2023, swali lake la kwanza ni bima inalipa? Na ana haki ya kuuliza, maana kabla ya hapo ilikuwa ni India na ukoo mzima kuchangishana. Ila mi naona swali lenyewe tunaliuliza kwa ufupi mno. Tukijibiwa inalipa tunaridhika, kumbe kuwekewa uloto ni siku moja tu ndani ya miezi mingi ya gharama, na kila hatua inaweza kuwa na kipengele chake kwenye mkataba.

Tuanze na anayetoa. Kwa sikoseli kinachotafutwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kuendana kabisa na mgonjwa, kwa hiyo nyumba yenye watoto wanne ina maana watatu wapimwe HLA, yaani alama za kwenye seli zinazoonyesha nani anaendana na nani, na hicho sio kipimo cha bei ya malaria, halafu wote wanaweza wasiendane. Nani analipia? Hao watoto ni wazima, hawaumwi chochote, na kadi kwa kawaida inamlipia anayeumwa. Akipatikana anayeendana naye mara nyingi analazwa, anapigwa nusu kaputi, anaingizwa sindano kwenye mfupa wa nyonga uloto uvutwe. Kuna mikataba inayoingiza haya yote kwenye kadi ya mgonjwa, mingine inasema wazi mtoaji hahusiki, na mingine haijaandika kitu kabisa, na hiyo ya mwisho ndio inanitia hofu zaidi sababu jibu linategemea umemkuta nani dirishani. Msimamo wangu mimi ni kwamba bila mtoaji hakuna tiba, hivyo gharama zake ni za mgonjwa na ziandikwe hivyo. (Mgonjwa wa mayeloma, aina ya saratani ya damu, anavunwa seli zake mwenyewe, Muhimbili walianza hiyo 2021, kwake suala hili halipo.)

Kwenye bima binafsi angalia sana maneno "ugonjwa wa kuzaliwa nao" na "ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga", maana sikoseli inaweza kunaswa na yote mawili. Angalia pia kikomo cha kulazwa kwa mwaka. Mtoto anakaa wiki kadhaa chumba cha peke yake, kuna kemo, yaani dawa kali za kuondoa uloto wa zamani, kuna kuongezewa damu na chembe sahani (zile za kugandisha damu), kikomo kinaweza kuisha hata hajatoka wodini.

Halafu akitoka ndio wengi tunapumua, wakati bado. Kuna dawa za kushusha kinga, anakunywa miezi na miezi, na damu inapimwa mara kwa mara kuona kiwango cha dawa kimekaa sawa, baadaye anarudia hata chanjo za utotoni. Dawa zikikatika hapo katikati, seli mpya zinaweza kuanza kuushambulia mwili wake, kwa hiyo bima inayolipia wodi ikaziacha dawa za nyumbani kwa kweli mi siihesabu kama imelipia. Na chumba cha kupanga karibu na hospitali, chakula cha mama anayemuuguza, nauli za kliniki, hayo mara nyingi yanabaki kwa familia, yapangiwe hela mapema.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023, na ningependa kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, kiuhesabu upandikizaji kuwa tiba moja, kuanzia vipimo vya ndugu mpaka dozi ya mwisho ya dawa. Kwa sasa ukienda ofisi ya bima nenda na barua ya daktari iliyotaja kila hatua, uliza moja moja, na majibu uyadai kwa maandishi yenye muhuri kabla mtoto hajaanza kemo, kwa sababu kemo ikishaanza hamna tena kurudi nyuma.