Mimi Nilimwona, Mke Wangu Hakumwona

Mtoto wetu wa kwanza nilimbeba mimi. Nesi alinikabidhi mlangoni mwa wodi ya wazazi, amefungwa khanga ya mama yake mpaka usoni, akaniambia, "Baba, mkamsitiri mapema." Mke wangu alikuwa ndani na dripu mkononi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kumwona mwanawe. Hata mimi sikumuuliza. Njiani nilifunua khanga kidogo, nikamtazama, nikafunika. Tukamzika siku hiyohiyo, wanaume watano.

Ni miaka 12 sasa, na hiyo ilikuwa Tanzania. Wa pili alitutoka hapa Uingereza, mimba ikiwa ya wiki 33, na huyo tulikaa naye chumba kimoja mchana kutwa na usiku wake. Kila nikitaka kuandika juu ya tofauti hiyo naogopa kuonekana kama wale wenzetu wanaokaa Ulaya miaka miwili, kisha kila cha nyumbani wanakiona kibovu. Kwa hiyo niseme mapema: manesi wa wodi ile hawakuwa watu wabaya. Usiku ule walikuwa wawili tu, na kina mama wamelala wawili wawili kitandani. Yule aliyenikabidhi mtoto macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani aliamini kabisa kwamba anampunguzia mke wangu maumivu.

Hata hapa walikuwa wakiamini hivyo. Mpaka miaka ya 1970, mtoto aliyezaliwa mfu Uingereza alifunikwa na kutolewa upesi, mama akaambiwa aende nyumbani akasahau. Mara nyingi hospitali ndiyo iliyozika, kaburi moja na watoto wengine, wazazi wasijue ni wapi. Wapo bibi wazee hapa ambao mpaka leo wanayatafuta makaburi hayo. Waliolibadilisha jambo hilo ni wazazi wenyewe waliofiwa. Chama chao, Sands, kilianza 1978 na bado kinawafundisha manesi na wakunga. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema haya ni mambo ya kizungu, mwambie Wazungu nao wamejifunza juzi tu, tena baada ya kuwaumiza watu wengi.

Sasa huyu wa pili. Ultrasaundi ilipoonyesha moyo umesimama, aliyetupa habari hakuzungukazunguka: mtoto wenu amefariki. Kwa wa kwanza, nyumbani Tanzania, tuliambiwa mapigo hayasikiki vizuri, tumsubiri daktari, tukasubiri tangu magharibi mpaka usiku wa manane tukiwa na tumaini ambalo wenye wodi walishajua halipo. Huyu wa huku alisema neno lenyewe, akavuta kiti, akakaa, akanyamaza nasi. Kisha akasema anasikitika. Kiingereza hakina "pole", na kwa hilo nawahurumia. Mtu analazimika kutumia neno lilelile la kuomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Sisi neno tunalo, zuri, ila hospitalini huwa tunalisema huku tunapita.

Tukapewa mkunga ambaye kazi yake ni wazazi waliofiwa tu. Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido, mbali na vilio vya vichanga, na mlangoni pamebandikwa picha ya tone la chozi. Sikuelewa ni ya nini hadi nilipokuwa namweleza dada yangu kwa simu, nikajisikia nikijijibu: ni ili mfagiaji, mleta chai, daktari anayeingia zamu mpya, yeyote yule, asifungue mlango na kuuliza "Mmepata nani?" Mke wangu aliulizwa swali hilo nyumbani, asubuhi ile, na mtu wa usafi, kwa furaha tele, akiwa amelala ubavuni mwa mama anayenyonyesha. Na picha ile ni karatasi na gundi tu.

Halafu yakaja maswali. Mkunga yule aliuliza mpaka nikachoka. Mna jina? Mngependa kumwona? Sasa au baadaye? Tumwogeshe sisi au mtamwogesha wenyewe? Mnataka alama za nyayo? Nywele kidogo? Picha? Kama hamtaki kuziangalia leo tutaziweka kwenye faili, mtakuja siku mkiwa tayari. Nikamwambia mke wangu kwa Kiswahili, huyu mama anatusumbua.

"Mwache aulize," akasema.

Kabla hajamleta alitueleza tutakachokiona: midomo imekoza rangi, ngozi ya mkono mmoja imechubuka, mwili ni wa baridi. Akaingia naye kambeba vile mtoto anavyobebwa, kichwa kwenye kiwiko, akimwita kwa jina tulilompa. Kitanda chake kilikuwa na godoro dogo linalopozwa kwa mashine, ndiyo maana tuliweza kukaa naye muda mrefu. Hicho ni kifaa cha fedha nyingi, sibishi. Lakini kumbeba mtoto wa mtu kama mtoto, na kumwandaa mzazi kwa atakachokiona, sijui hospitali inahitaji bajeti gani.

Mimi nilikuwa dirishani, nimewapa mgongo, napanga nimpigie nani kwanza. Mkunga akageuka: "Na wewe, baba?" Nyumbani sikuruhusiwa kuvuka mlango wa wodi, niliitwa pale tu ilipohitajika mikono ya kubeba. Huku nilipewa kiti kinachokunjuka kuwa kitanda, na nikaulizwa. Nilimshika binti yangu kama saa nzima. Nilikuwa sijalia tangu wa kwanza.

Kuna watakaosema kumwonyesha mama mtoto aliyekufa ni ukatili. Hoja yao si ya kipuuzi. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti hapa Uingereza ulioona kwamba kina mama waliowashika watoto wao wafu walikuwa na huzuni kubwa zaidi katika mimba iliyofuata, na mabishano juu yake hayajaisha. Ndiyo maana mkunga wetu hakusema hata mara moja "ni vizuri kumwona." Aliuliza, akasubiri jibu, na jibu la hapana lingepokelewa vilevile. Waliokuwa kwenye chumba cha pili huenda walikataa kila kitu, na ni haki yao. Kilichoniuma kwa yule wa kwanza ni kwamba uamuzi tulimchukulia, nesi na mimi, mlangoni, kwa sentensi moja.

Na maziwa! Hili ndilo hunitia hasira mpaka leo. Siku ya tatu baada ya maziko, nyumbani, mke wangu aliamka matiti yamejaa, magumu, kanga imelowa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwili haujui kuwa mtoto hayupo. Alidhani anaugua. Huku aliambiwa kabla ya kutoka kitandani: yatakuja siku ya pili au ya tatu, vaa sidiria inayobana vizuri, usiyakamue kwa wingi, na kuna vidonge vya kuyazuia ukitaka. Maelezo ya dakika mbili. Nesi yeyote wa wodi ya wazazi, popote alipo, anayajua haya kuliko mimi.

Walituomba pia ruhusa ya kulipima kondo la nyuma. Baada ya wiki kadhaa tuliitwa, daktari akatueleza kwamba lilikuwa limeharibika sehemu kubwa na mtoto alikuwa hapati vya kutosha. Mke wangu aliuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, kama ni kitu alichofanya yeye. Mara tatu akajibiwa hapana. Kwa wa kwanza hakuna aliyetupa sababu, na pasipo sababu watu huwa hawakosi ya kwao ya kusema.

Msidhani huku ni peponi. Tulipomaliza mwezi mmoja na nusu, posta ilileta barua: mleteni mtoto wenu kwa uchunguzi na chanjo. Hospitali yenye chozi mlangoni, na kompyuta ya ofisi nyingine haikuambiwa. Nilimsikia mke wangu akiichana jikoni. Na siku tulipotoka hospitalini tuliondoka na boksi la kumbukumbu, vijitabu na namba za simu, tukaingia nyumba kimya. Mkunga alipiga simu mara mbili, Mungu ambariki. Majirani hawakugonga. Kwa wa kwanza nyumba ilijaa watu wiki nzima, na ingawa wengine walisema yale ya "bado mna umri, mtapata wengine," hakuna siku mke wangu alikula peke yake. Huku hospitali ilitushika vizuri kuliko mtaa. Kule ilikuwa kinyume.

Kuhusu kazini nitapita haraka. Huku kuanzia Aprili 2020 sheria inampa mwajiriwa aliyefiwa na mtoto likizo ya wiki 2, hata kwa mtoto aliyezaliwa mfu baada ya wiki 24. Kwetu sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 4. Huku pia tulimwandikisha binti yetu, akapata cheti chenye jina; na tangu Februari 2024, England inatoa cheti hata kwa mimba iliyotoka kabla ya wiki 24, kwa mzazi anayekitaka. Kwa wa kwanza tulibaki na kadi ya kliniki.

Najua jibu litakalokuja: kwanza tuokoe watoto, machozi baadaye. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), kila mwaka karibu watoto milioni 2 duniani huzaliwa wafu, na zaidi ya 40 katika kila 100 hufa uchungu ukiwa umeshaanza, yaani wengi wangeweza kupona. Sawa kabisa. Lakini mama wa aliyekwisha kufa bado ni mgonjwa wa wodi ileile, na atarudi. Au hatarudi. Mke wangu mimba ya pili alianza kliniki wiki ya 20, hapahapa Uingereza ambako ni bure na ni umbali wa kituo kimoja cha basi, kwa sababu alikuwa anaogopa manesi.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni muuguzi nyumbani. Nilipomweleza haya yote alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, maswali kumi nitamuuliza saa ngapi? Na hicho chumba cha peke yake nikitoe wapi?" Ana haki. Hapo naacha habari za boksi na godoro la baridi. Tuliongea usiku mzima tukabaki na moja: kabla ya kumkabidhi baba, rudi kitandani, muulize mama. Na akitaka picha, simu anayo mwenyewe. Baadaye aliniambia mama mmoja alikataa kwa kutikisa kichwa tu. Mwingine alimchukua, akamshika kidogo, akamfunga khanga yeye mwenyewe, vizuri kuliko alivyokuwa amefungwa, akamrudisha.

Mke wangu bado huniuliza yule wa kwanza alifanana na nani. Nilimwona kwa muda wa kufunua khanga na kuifunika. Namwambia alikuwa na nywele nyingi, na hilo nina hakika nalo. Pua namwambia ilikuwa ya kwake. Hapo huwa nabahatisha.