Mboga ya Wacherokee na madoa ya ozoni

Wageni wengi wanaofika mji wa Cherokee, North Carolina, huingia makumbusho, husikia habari za 1838, Wacherokee, wenyeji asilia wa milima hiyo, waliposwagwa hadi Oklahoma ya leo na maelfu wakafia njiani, kisha huwasha gari kwenda kutazama milima. Mimi nashauri wasiondoke eneo hilo kabla ya kufika Purchase Knob, kituo cha utafiti ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, wakainama mbele ya mmea mmoja.

Wacherokee huuita sochan. Huchumwa ungali mchanga, majira ya baridi yakiisha, ukachemshwa na kukaangwa kwa mafuta. Aliyelelewa kwa mnavu ameshaelewa. Watafiti nao wameupanda kwenye bustani ya kituo, kwa kuwa ni mwepesi wa kudhurika na ozoni. Moshi wa magari na wa mitambo ya umeme ukipigwa na jua huzaa gesi hiyo, na vileleni huwa nyingi kuliko mabondeni. Kiangazi kikielekea mwisho, upande wa juu wa jani hujaa vitone vya zambarau iliyokoza, vidogo kama ncha ya kalamu, huku mishipa yake ikibaki kijani. Wanafunzi huja wakashika jani moja moja na kukadiria ni asilimia ngapi limeharibika.

Mboga hiyohiyo, hadi 2019, Mcherokee hakuruhusiwa kuichuma ndani ya hifadhi, kwenye milima walikoichuma mababu zake karne na karne. Ilibidi Eastern Band, yaani Wacherokee waliobaki mashariki, watiliane saini na hifadhi ndipo watu wao wapewe vibali. Nilipolijua hilo nilishindwa kulitazama jani lile kama kipimo tu. Mtu amerudishiwa haki ya kuchuma mboga yake, na moshi wa wapita njia unaitoboa madoa.

Hewa imekuwa safi zaidi tangu miaka ya 1990, mitambo ya makaa ya mawe ilipobanwa na sheria, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini hifadhi hii hupokea ziara zipatazo milioni 12 kwa mwaka, karibu zote kwa gari. Nami nilikwenda kwa gari.

Septemba 2024 kilele kirefu kuliko vyote hifadhini, mita 2,025, kilirudishiwa jina lake la Kicherokee: Kuwohi, mahali pa miforosadi. Juu huko nako kuna mtambo wa kupima ozoni. Naomba bustani ya Purchase Knob nayo iwe na kibao chenye jina la sochan kwa herufi za Kicherokee alizokamilisha Sequoyah, Mcherokee aliyezibuni, mwaka 1821, ili mtoto anayekadiria madoa ajue anakagua chakula cha watu. Ukipanga safari, nenda Agosti. Madoa yatakuwa yameshajitokeza.