Saruji, chokaa na fedha za wafadhili Mji Mkongwe

Kila Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe inapomkataza mwenye nyumba kupiga plasta ya saruji, lawama ni ileile: Zanzibar inatawaliwa na UNESCO. Mji uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Lakini Mamlaka ilikuwapo tayari: ilianzishwa 1985. Na sababu ya katazo imo ndani ya ukuta wenyewe.

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na unene wake hufika nusu mita. Hunyonya maji ya ardhini yenye chumvi, kisha huyatoa taratibu kupitia plasta ya chokaa. Ukizipaka saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi. Chumvi inaganda nyuma ya plasta, plasta inavimba, inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Hilo unaliona. Usiloliona ni ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani: zinalowa, zinaoza, na dari humwangukia mtu aliyedhani ametengeneza nyumba.

Wakaazi nao wana haki ya kulalamika. Saruji inauzwa kila duka la vifaa. Chokaa huchomwa, huzimuliwa kwa maji, huachwa shimoni wiki kadhaa, kisha hupakwa matabaka membamba yanayonyunyiziwa maji yasipasuke. Mafundi wake ni wa kutafuta. Mpangaji wa nyumba ya wakfu atie fedha kwenye mali isiyo yake kwa lipi? Nyumba ya mirathi nayo ina warithi Unguja, Dar es Salaam na Maskati, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Fedha za ushirikiano wa kimataifa hazijafika kwenye nyumba hizo. Taasisi ya Aga Khan iliitengeneza bustani ya Forodhani, ikafunguliwa upya 2009. Oman ilifadhili ukarabati wa Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani. Sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 kazi ikiendelea, watu wawili wakafa. Majengo hayo yanastahili. Lakini mji unakaliwa na watu vichochoroni, na kanuni isiyo na fungu la fedha huonekana dhuluma hata ikiwa sahihi.

Viongozi wanapokaa na wafadhili, waombe mashimo ya chokaa ya pamoja, jukwaa la ujenzi la kuazima na ujira wa mafundi wanaofundisha vijana. Mwenye nyumba anayenyimwa kibali cha saruji aondoke ofisini na hati ya kuchukulia chokaa.