Mtaro Usio na Pa Kumwaga

Mwaka juzi mtaa wetu, ulioko bondeni katika Wilaya ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, ulijengewa mtaro wa zege. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, kwa kuwa kwa miaka mingi tulizoea kuingia majumbani kwa kurukaruka juu ya matairi yaliyojazwa mchanga. Masika ya kwanza yalipofika, maji yaliondoka milangoni mwetu kwa kasi ya kupendeza, yakateremka mita kama mia mbili hivi, yakafika mahali ambapo zege lilikoma kwa sababu, kama tulivyoambiwa, fungu la awamu hiyo lilikuwa limekwisha, kisha yakaingia moja kwa moja uani kwa mama mmoja anayeuza chapati. Kabla ya mtaro ule maji yalikuwa yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Mwaka ule yalimfika magotini, na gunia lake la unga likaharibika.

Tangu siku hiyo nimeshika msimamo mmoja ambao sijaona sababu ya kuuacha. Mtaro ambao haukupangiwa pa kumwaga hauzuii mafuriko bali huyahamisha, na mara nyingi huyahamishia kwa mtu mwenye uwezo mdogo zaidi, maana ndiye aliyepata kiwanja cha chini kabisa.

Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa Sensa ya mwaka 2022, sehemu kubwa ya maji yake ya mvua huyapeleka katika bonde moja. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, hupita katikati ya makazi kwa zaidi ya kilometa 30, hupokea maji ya Mto Sinza na Mto Ng'ombe, kisha huingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Huko juu miti imekatwa na mchanga wa mtoni huchotwa usiku na mchana kwa ajili ya ujenzi, hivyo kingo hubomoka na tope husafiri na maji hadi Jangwani, ambako mto hupoteza kasi, tope hutua, na kina hupungua mwaka hadi mwaka. Mvua kubwa ikiangukia siku ya bamvua, bahari nayo huwa imejaa, na maji ya mto hukosa pa kwenda. Mtu anayechora mtaro wa Tandale au Kigogo bila kuyafikiria hayo anachora nusu ya mtaro.

Wazee waliotaja mahali hawakuwa na kompyuta, lakini walijua. Kule Msasani kuna eneo linaloitwa Bonde la Mpunga, na mpunga haulimwi pakavu. Tulilijaza kifusi, tukajenga, halafu tukashangaa.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na Serikali ikawagawia viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baadhi ya waliokuwa wakiishi bondeni. Wengine walirudi. Imezoeleka kuwaita wakaidi, jambo ambalo nadhani si la haki, kwa sababu mtu anayebeba mizigo Kariakoo alfajiri hawezi kulala Mabwepande na bado akaiwahi kazi yake kwa nauli anayoimudu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na ni sheria nzuri. Hata hivyo, bomoabomoa iliyoanza bondeni Desemba 2015 iliwakuta wakazi wa vibanda wakielezwa habari za mita 60 huku karakana ya mabasi yaendayo kasi ikiwa imejengwa palepale Jangwani, mahali ambapo maji yameifuata mara nyingi.

Kwa hiyo naukubali kwa kiasi kikubwa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, kwa kuwa umeanza na swali sahihi la mto unahitaji nafasi kiasi gani. Wakazi wamelipwa fidia ili wahame, mto unachimbwa na kupanuliwa, barabara ya Jangwani inajengewa daraja la juu zaidi, na sehemu ya bonde imekusudiwa kuwa bustani, ardhi ambayo maji yakiingia hayamkuti mtu kitandani. Mitaro iliyojengwa na DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya Jiji la Dar es Salaam, imesaidia mitaa mingi, nami ni shahidi, lakini zege huyapa maji mbio, na anayeyapa maji mbio huko juu lazima awe ameyaandalia nafasi huko chini.

Kuna jambo jingine lisilopigiwa makofi wala kukatiwa utepe, nalo ni kuzibua. Mtaro wetu ulijaa mchanga na chupa za plastiki katika msimu wake wa pili. Mifuniko ya chuma iliondoka mmoja mmoja kwenda kwenye vyuma chakavu. Ni kweli kwamba baadhi yetu hutupa taka humo, na ni kweli pia kwamba mvua ikianza kunyesha wapo wanaotapisha vyoo ili maji yabebe kinyesi, kisha kipindupindu kikizuka tunaulizana kimetoka wapi. Lakini gari la taka haliingii katika kichochoro chenye upana wa mabega mawili, na gari la kunyonya choo halifiki kabisa. Ningependa kila mkataba wa mtaro utaje mambo mawili kwa maandishi: maji yanaishia wapi, na nani anashika koleo kila Februari, kabla ya masika, kwa fedha za fungu lipi. Kumwachia mwenyekiti wa mtaa achangishe mia tano tano ni kumwonea.

Yule mama wa chapati hakungoja awamu ya pili. Amejenga kizingiti cha kozi tatu za tofali kuzunguka ua wake na kukipiga lipu vizuri. Jirani wa chini yake, baada ya kukitazama kwa siku kadhaa, ameagiza lori la kifusi.