Tulikwenda Lisbon Kukaa

Jumatatu, siku yetu ya tatu Lisbon, tulishuka kwenye tramu namba 15 pale Belém, watu 13, wakubwa na watoto, tukaikuta monasteri ya Jerónimos imefungwa. Jumatatu hawafungui. Ratiba nilikuwa nimeipanga mimi kwa miezi mitano: saa ya kutoka nyumbani, kituo cha kushukia, nauli ya mtoto na ya mtu mzima, hadi mahali pa kula mchana. Siku ya kufunga ndiyo niliyoisahau.

Tukaingia kwenye bustani iliyo mbele ya monasteri, dadangu akatandika leso zake mbili kwenye nyasi, tukaketi. Shemeji alikuwa amenunua boksi la vile vikeki vya maziwa na mayai ambavyo duka moja la hapo karibu linauza tangu 1837, vingali na moto. Watoto wakaanza kukimbizana. Dadangu akavua viatu. Tulikaa pale zaidi ya saa nne, mpaka jua likageuka, na hakuna aliyeuliza baadaye tunakwenda wapi. Tangu tuliporudi, kila nikimuuliza binti yangu alipenda nini Lisbon, ananitajia zile nyasi.

Nina miaka 16 Uholanzi, naishi Utrecht. Dadangu mkubwa yuko Toronto. Mdogo wetu alibaki Mombasa, Mji wa Kale, mlango wa pili kutoka kwa mama. Mara ya mwisho sisi watatu kulala chini ya paa moja ilikuwa kwenye maziko ya baba, miaka saba iliyopita, na mazikoni ndugu hawaonani. Unapokea watu, unahesabu sahani za hitima, unalala sebuleni juu ya mkeka, siku ya tano unakimbilia ndege. Ndipo dadangu akasema tukutane mahali ambapo hakuna kati yetu aliye mwenyeji. Tukachagua Lisbon kwa sababu iko katikati: yeye ana ndege ya moja kwa moja kutoka Toronto, mimi ni mwendo wa saa tatu hivi kutoka Amsterdam.

Lakini katikati hiyo ilikuwa ya sisi wawili tu. Mimi nilinunua tiketi kwa simu nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini. Dadangu ana pasipoti ya Kanada, haulizwi viza. Mdogo wangu alipanda treni na mkewe na watoto wawili mpaka Nairobi, amebeba taarifa za benki, bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000, leseni ya biashara, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karatasi ya nyumba tuliyokodi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Kijana wake mkubwa ana miaka 13, basi huyo analipiwa kama mtu mzima. Jumla euro 315, na hazirudishwi hata ukinyimwa. Alingoja jibu wiki tatu, na wiki tatu hizo nilikuwa naona haya kumpigia simu. Na huku kwetu, tangu Januari 2024 Kenya imeondoa viza kwa wageni wote. Mreno hujaza fomu ya intaneti akiwa kitini kwake, akalipa ada, akaja. Inaniuma kwamba watoto wa tumbo moja, walionyonya ziwa moja, wanapangwa foleni mbili kwa rangi ya kijitabu. Sijaizoea, wala sitaki kuizoea.

Turudi kwenye kukaa. Kiswahili kina neno moja la kuketi, la kuishi na la kubaki mahali. Nikiulizwa nakaa wapi, najibu Utrecht, na ulimi haukosei. Moyoni, Utrecht naishi. Kukaa nilikuacha Mombasa. Kukaa ni kupita mahali ukaona baraza ina watu, ukasalimu, ukasogezewa nafasi, ukapewa kikombe cha kahawa tungu, ukainuka isha inapoadhiniwa. Hukuaga nyumbani kwamba unakwenda huko. Hukuwa na jambo.

Uholanzi kila jambo lina tarehe. Rafiki akitaka kunywa kahawa nawe, mnatoa simu wote wawili na kutafuta siku, nayo ikipatikana ndani ya wiki tatu mna bahati. Kalenda ya siku za kuzaliwa za jamaa na marafiki watu huitundika chooni, ili isipite ya mtu. Miaka ya mwanzo niliyaona haya kuwa ni ukavu wa moyo, na nilipokwenda nyumbani niliwasimulia watu hivyo hivyo. Nilikosea, na nataka kusahihisha hapa. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, kila Jumatano hupanda treni kwenda kulea wajukuu wake mji mwingine. Mvua, barafu, hakosi. Mimi nampenda mamangu kuliko ninavyoweza kuandika, na nimekosa siku nyingi kuliko yule bibi. Mapenzi yao yana tarehe, na tarehe huitimiza.

Hata hivyo tarehe haileti kila kitu. Mtu aliyepewa saa mbili za kukuona hakwambii lililo zito. Analeta habari njema, anaonyesha picha, anaangalia saa. Lililo zito hutoka saa ya tatu au ya nne, mazungumzo yanapokwisha na watu wakabaki wamekaa tu. Ndiyo maana nawasihi Waswahili wenzangu mlio ughaibuni mnaopanga kukutana na ndugu zenu katika miji hii ya Ulaya: msikodishe basi la kuzunguka mji siku sita. Minara haiondoki. Kodisheni nyumba yenye meza kubwa.

Sisi tulipata nyumba Alfama, orofa ya tatu, ngazi za mbao, hakuna lifti. Jina la mtaa lenyewe limetokana na Kiarabu, na ule mtaa ulisalimika kwa kiasi kikubwa tetemeko la 1755 lilipobomoa sehemu kubwa ya mji. Vichochoro vyake ni vyembamba hivi kwamba mke wa mdogo wangu, asubuhi ya kwanza, alifungua dirisha akaona nguo zimeanikwa ng'ambo, mzee amekaa mlangoni na samaki wanaokwa chini, akanyamaza kidogo kisha akasema, "Hapa ni Kibokoni," mtaa wa Mji wa Kale, Mombasa. Hakuwa amelala vizuri tangu Nairobi. Siku hiyo alilala.

Watoto ndio waliotupa kazi. Saba, na lugha zimewagawa: wangu wawili Kiholanzi na Kiswahili cha kubahatisha, wa dadangu watatu Kiingereza, wa mdogo wangu wanavyo vyote viwili, Kiswahili na Kiingereza, wakawa wakalimani. Jioni ya kwanza binti yangu aliniuliza kwa Kiholanzi huyu kijana ni nani wake. Kiholanzi kina neno neef, na neno hilo ndilo la mtoto wa kiume wa ami yako, ndilo la mtoto wa shangazi, na ndilo la mtoto wa ndugu yako pia. Nikamwambia kwetu huyu ni ndugu yako, babake ni ami yako, ni baba yako mdogo, akikutuma unakwenda. Akamtazama yule kijana upya. Kesho yake alikuwa anamfuata kila mahali.

Kisha wakagundua mchezo. Mwana mdogo wa ndugu yangu alimsikia mhudumu wa mkahawa akisema mesa, akaruka: "Amesema meza!" Kuanzia hapo ilikuwa msako wa mtaa mzima. Bandeira, bendera. Copo, kopo. Limão, limau. Ananás, nanasi. Lenço, na dadangu akainua leso yake juu. Kwenye bustani moja tukawakuta wazee wanacheza karata chini ya mti, na watoto wakasimama wanasikiliza mpaka mmoja akasema cartas, wakapiga makofi. Wale wazee hawakuelewa, wakacheka nao. Wangu waliokataa Kiswahili cha mezani Utrecht, kwa miaka, walikiokota kwenye vichochoro vya Lisbon kwa siku nane.

Jerónimos tuliirudia Jumatano. Ndani, kushoto na kulia ukishaingia, kuna makaburi mawili ya mawe, la Vasco da Gama na la mshairi Luís de Camões. Kijana wa ndugu yangu alisimama pale la kwanza akawaeleza wenzake, kama mwalimu, kwamba huyu alifika Mombasa Aprili 1498, hakukaribishwa, akaenda Malindi akapokewa. Kwamba miaka saba baadaye Wareno wengine walirudi wakaichoma Mombasa. Kwamba ngome waliyoanza kuijenga 1593 iko dakika chache kutoka kwa nyanya, na shule iliwapeleka. Binti yangu akasikiliza, kisha akaniuliza kwa Kiholanzi, na neno moja la Kiswahili katikati: hawa ndio waliochoma kwetu? Sikuwahi kumsikia akitumia kwetu akimaanisha Mombasa. Nilihitaji kutoka nje kidogo.

Usiku wa sita ndio nilioufuata Lisbon bila kujua. Watoto wamelala, dadangu anakosha vyombo, mimi na mdogo wangu tumekaa dirishani na vile vikombe vidogo vya kahawa, kali karibu kama ya kwetu. Nikawa namsifia maisha yake. Nikamwambia mimi nina wiki nne za likizo kwa sheria, na posho ya likizo ya asilimia 8 ya mshahara wa mwaka, dadako kule Toronto ana wiki zake chache, lakini wewe ndiye tajiri wetu, wewe una baraza.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, unajua leo ni siku ya sita sijaitwa?"

Akaendelea, taratibu, bila hasira. Yeye ni fundi wa friji, amejiajiri. Sheria ya Kenya inampa mwajiriwa siku 21 za likizo kwa mwaka. Yeye hana wa kumpa hata moja. Akirudi magharibi, barazani kuna mtu anamngoja. Huyu karo, yule ana mgonjwa, yule kesi ya ukuta na jirani. Mama ana kliniki ya sukari, na magoti hayamwachi ashuke ngazi peke yake. Binamu akioa, yeye. Mtu akifa, yeye ndiye wa kwenda kutafuta sanda. "Nyinyi mkipiga simu mwasikia watu nyuma, mwasema Mombasa raha. Wale watu wamekuja kwangu kwa kuwa nyinyi hampo. Mimi sikai, kaka. Nimekaa leo."

Dadangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Hakuna aliyesema neno.

Kila mwezi natuma pesa kwa M-Pesa, na kila mwezi nimejihesabu kuwa nimetimiza. Pesa zinafika upesi, lakini hazingoji kwenye benchi la kliniki mpaka namba ya mama iitwe. Miaka 16 nimewaambia Waholanzi kwamba kwetu mtu haachwi peke yake, kwamba wazee hawapelekwi makaoni, kwamba mlango uko wazi. Ni kweli yote. Sikuwahi kusema kwamba mlango ule unafunguliwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mdogo wangu. Tunaoondoka tunaipenda baraza kwa sababu hatuishiki. Huko Uholanzi sehemu ya mzigo huo inabebwa na kodi yangu na ofisi za manispaa. Mombasa unabebwa na mgongo wa aliyebaki. Sisemi upande upi una haki. Nasema nilikuwa nalinganisha nyumbani na ugenini kwa miaka yote hii bila kumweka yeye kwenye mizani.

Jamaa mmoja alituandikia baada ya kuona picha: pesa hizo mngemjengea mama choo cha kisasa chini. Choo kimejengwa mwaka juzi. Na mama mwenyewe ndiye aliyemsukuma mdogo wangu na jamaa yake waende, akabaki na dadake mdogo, akitupigia simu ya video kila baada ya isha kuuliza nani amelala na nani. Kila usiku alitaka hesabu yote 13.

Desemba naenda Mombasa wiki nne, zote. Mke wangu na watoto watanifuata shule zikifungwa. Siku ya pili baada ya mimi kufika, mdogo wangu na jamaa yake wanakwenda Lamu siku kumi, na simu yake ya kazi ataniachia mimi. Mama nimemweleza. Aliniuliza, "Safari hii waja kutembea au waja kukaa?" Nikamjibu nakuja kukaa, aniwekee daftari la kliniki karibu. Akataka kujua kama najua kliniki yenyewe ilipohamia. Sijui. Kijana mkubwa wa ndugu yangu ameahidi kunichorea njia.