Nati Moja, Majengo Nzima
Tangu jana magharibi sisemi na mtu. Niko barazani, gitaa la marehemu ami limelala magotini kama mgonjwa, na spana mkononi yazunguka bure. Nati imelika.

Chumvi ya hapa mwaijua. Chuma cha Mombasa hakizeeki, huoza. Gitaa lenyewe ni la Marekani, la miaka ya 70, ami alilipiga mahotelini Bamburi mpaka vidole vikaota sugu. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma ya kuizuia isipinde, maana nyuzi sita zaivuta kwa zaidi ya kilo 40, unakaribia mfuko wa saruji. Sasa nyuzi zimeinuka, panya apita chini asiiname. Nikasema nikaze nati ya fimbo hiyo kidogo tu.

Tundu la nati ni la inchi, moja ya nane, yaani milimita 3.175. Duka la Mwembe Tayari lina spana ya 3. "Ni sawa tu, mzee." Kinachobaki hapo nani ahesabu? Nati ilihesabu.

Jirani kaleta mafuta ya nazi. Mama watoto kauliza vyuma kuukuu siku hizi vyauzwaje kilo.

Basi nikavaa kofia yangu ya viua, nikalipeleka Majengo kwa fundi wa tuktuk, kwa heshima zote. Fundi nikamkuta miguu tu, mengine yote yako chini ya tuktuk.

"Shikamoo mzee, weka hapo."

Hapo ni juu ya betri. Akatoka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akachungulia nati kama daktari wa meno.

"Hii ni ya welding. Twachomelea nati nyingine juu, twashika na spana kumi, yatoka."

"Ni mbao, mwanangu."

"Tutaweka kitambaa cha maji."

"Na rangi je?"

"Twapiga upya. Wataka nyeusi ama manjano ya tuktuk?"

Watu wakajaa. Wa bodaboda asema nyundo. Muuza kahawa asema litiwe kwenye friza. Mwengine, wallahi simjui, aniuliza harusi moja nachukua ngapi, na kama naja na mpiga ngoma wangu. Nageuka kumjibu, kwa adabu, naona kijana keshavaa miwani myeusi na moto wamwaga cheche! Nilichosema hapo sikirudii. Nilishtukia nimelikumbatia gitaa, kofia imeanguka kwenye oili, na mdomo wangu wamwaga maneno niliyochapiwa chuoni nikiwa na miaka tisa.

Aliyeitoa ni mtoto wa kutengeneza simu. Alilegeza nyuzi kwanza, akachukua biti ya nyota iliyozidi tundu kwa unywele, akaigonga taratibu mpaka ikauma chuma, akazungusha kushoto. Kwii. Mia mbili.

Nati mpya sasa ya kuagiza ng'ambo, na ushuru nishauota usiku.

Narudi mtaani, mitungi imepangwa mpaka msikitini. Maji yametoka! Tangu Ijumaa! Nikaliweka gitaa kwenye foleni linishikie nafasi, nikakimbilia nyumbani. Narudi na mitungi miwili, mama mmoja amelisogeza nyuma watu watatu, aniuliza hilo laingia lita ngapi.