Msiba tunaandika, giza hatuandiki

Umeme umerudi jana Jumatano, saa mbili usiku, baada ya siku tisa. Watoto walitoka mbio mpaka barabarani wakipiga kelele, "Umerudiii!", na mimi mwenyewe nilipiga makofi peke yangu chumbani. Haikupita robo saa, kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Mwanza likapokea ujumbe: "Tumshukuru Mungu, yamepita. Watu wa Kitangiri tumeonyesha uvumilivu." Zikafuata amina nyingi sana. Nilishindwa kuandika ya kwangu.

Nilishindwa kwa sababu asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa kwenye nyumba za juu, kule kwenye mawe, namsaidia mama mmoja muuza samaki kuosha friza. Ile harufu bado ninayo kwenye mikono ninapoandika hapa. Kwake hakijapita kitu.

Yeye hununua sato na sangara pale soko la samaki la Mwaloni alfajiri, anawagandisha, jioni anapelekea wateja wake wa hoteli. Transfoma yetu ilipolipuka Jumatatu ya wiki iliyopita, friza ilikuwa imejaa hadi mfuniko. Jumanne jioni barafu ilianza kuvuja mlangoni. Hapo ndipo nilipouona mtaa huu kwa uzuri wake wote, na sitausahau. Wanawake walipanda na visu vyao bila kuitwa. Wengine hawajasalimiana tangu ule ugomvi wa bomba, wakakaa karai moja kupasua samaki na kutia chumvi. Vijana wakakata pipa nusu, mtu akaleta kuni, mwingine mkaa wake wa akiba, wakabanika mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Mwezi haukuwepo. Ukigeuka kutazama ziwani uliona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa kama mji. Kulikuwa na mwanga mwingi majini kuliko nchi kavu tuliko sisi.

Waliookolewa waliokolewa. Lakini nilipomwambia, "Shikamoo mama, pole, angalau hawakuoza wote," alinijibu taratibu: "Mwanangu, samaki mbichi ana mteja wake na wa kubanika ana mteja wake. Wa kwangu wa mbichi ameshahamia kwa mwingine." Na kikoba alikokopa hawaulizi kama umeme ulikuwepo. Jumamosi ni siku ya marejesho.

Mengine ya siku zile tisa nayataja tu. Msikiti uliwasha jenereta kila magharibi na kila mwenye simu akachaji bure, Muislamu na Mkristo. Mzee mwenye kisukari aliihifadhi insulini yake kwenye mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi, mpaka kijana wa bodaboda alipoipeleka kwa ndugu mwenye friji Pasiansi, bila kudai nauli. Vijana walilinda usiku kwa zamu, na wazee wakawakumbusha kwamba sungusungu ilizaliwa huku kwetu Usukumani. Maji hayakupanda kwenye nyumba za juu kwa sababu pampu zilikuwa zimelala, kwa hiyo ndoo zilipanda kwa vichwa vya wasichana. Hilo nalo tuliliita uvumilivu.

Sasa nisikilizeni. Mtu akifa hapa mtaani, kabla turubai halijafungwa sawasawa, tayari kuna mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki na daftari la kaunta. Nani katoa elfu tano, nani kaleta sukari kilo mbili, nani kaahidi na hajaleta. Miaka inapita, daftari lipo, na siku ukifiwa wewe linatolewa kuangaliwa. Harusi ndiyo usiseme: kamati, mweka hazina, kadi za ahadi, kukumbushana kila wiki. Sisi ni watu wa kuandika. Hakuna wa kuniambia hatujui.

Lakini siku tisa za giza hakuna aliyefungua ukurasa. Samaki wa yule mama hawajaandikwa popote. Kijana wa saluni aliyefunga siku tisa na kodi ya fremu iko palepale, hakuandika. Fundi wa kuchomelea aliyerudisha malipo ya awali ya mageti mawili, hakuandika. Jana usiku nilipita kijiweni nikauliza watu kumi na mmoja: ni nani alipiga simu kutoa taarifa? Wawili. Ni nani ana namba ya taarifa aliyopewa? Mmoja. Waliobaki walinijibu kitu kimoja: "Nilijua mmeshapiga." Mtaa mzima ulikuwa gizani, na kwenye vitabu vya ofisi ya umeme huenda tulionekana kama nyumba mbili.

Hili ndilo linaloniuma. Malalamiko ya umeme yana njia yake. Yanaanzia kwa anayetoa huduma, na yasipotatuliwa yanakwenda EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Huko hawataki kusikia kwamba tuliteseka. Wanataka kujua ni lini ulitoa taarifa, ulipewa namba gani, umepoteza nini, na ushahidi uko wapi. Sisi tungefika na nini? Na picha za taa za wavuvi?

Najua nitakachojibiwa. Kwamba mafundi nao ni binadamu. Ni kweli, niliwaona wakifunga transfoma mpya huku mvua inawanyea, na sina neno baya kwao. Kwamba kuna wenzetu wamejiunganishia kinyemela na kuuzidishia mzigo mtambo. Nalo ni kweli, linanitia aibu, na majina tunayajua. Lakini ile transfoma iliwekwa wakati mlima huu una nyumba za kuhesabu. Leo vyumba vya kupanga vimefika juu ya mawe, kila chumba kina jagi la umeme na pasi. Mtambo ukibebeshwa kuliko uwezo wake unapata joto, mafuta ya kuupooza yanachemka, nyaya za ndani zinaungua. Kuna nyumba zilikuwa zinapata umeme hafifu tangu mwaka jana, taa inakuwa nyekundu kila ikifika saa moja jioni. Hiyo ilikuwa dalili. Kama ingeandikwa kila jioni kwa mwezi mmoja, ikabebwa ofisini na kugongwa muhuri wa kupokelewa, tungekuwa na la kusema leo.

Wala tusiambiane kwamba nchi haina umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Tatizo letu lilikuwa nguzo ya kona, hatua chache kutoka dukani. Serikali ina mkakati wa mwaka 2024 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Naupenda, mama yangu amekohoa moshi maisha yake yote. Lakini jirani yangu aliyenunua jiko la umeme mwezi uliopita alirudi kwenye mkaa siku ya pili ya giza, na jana aliniambia jiko analiuza.

Leo mchana nimenunua daftari la kaunta. Ukurasa wa kwanza nimeandika ya kwangu: siku tisa, kazi mbili za kuchapa zilizopotea, mshumaa pakiti tatu. Mwenyekiti wa mtaa amekubali kugonga muhuri kila ukurasa. Kesho saa kumi na mbili jioni naanzia nyumba za juu, kwa mama wa samaki. Yule mwenye namba ya taarifa naomba asiifute kwenye simu yake, nitapita kuinakili.